Kwa nini picha kali hufika kwenye simu ikiwa na ukungu

Kila msimu wa harusi malalamiko haya hurudi. Mpiga picha anawaonyesha maharusi kazi yake kwenye kompyuta: maua ya kitenge yanahesabika, hina ya mkononi inaonekana mstari kwa mstari. Siku chache baadaye picha ileile inaingia kwenye kundi la familia la WhatsApp, na shangazi anauliza kama kamera ilikuwa mbovu. Mpiga picha anailaumu WhatsApp. Binamu mmoja anasema tatizo ni DPI, yaani idadi ya vinukta katika kila inchi. Mwingine anashauri itafutwe kamera yenye megapikseli nyingi zaidi. Kila mmoja amegusa pembe moja ya jambo, lakini kiini chake ni hiki: picha imepunguzwa vipimo, huenda zaidi ya mara moja, na hakuna mtu aliyeisimamia kazi hiyo. Picha ndogo inaweza kuwa kali kabisa, ilimradi imepunguzwa vizuri na mtu aliyejua anaipeleka wapi.

Tuanze na pikseli, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Picha ya dijitali ni jedwali la vinukta vidogo vya mraba, na kila kinukta kina rangi moja tu. Kinukta hicho ndicho pikseli. Mwaka 1957 Mmarekani Russell Kirsch na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi katika taasisi ya serikali ya viwango na vipimo, waliingiza picha kwenye kompyuta kwa kifaa walichokiunda wenyewe. Ilikuwa sura ya mwanawe mchanga, Walden, kwa pikseli 176 kwa 176. Jumla yake ni pikseli 30,976 tu, na bado macho na mashavu ya mtoto yanatambulika bila shida.

Leo kamera nyingi za wapiga picha wa harusi hutoa pikseli 6,000 kwa upana na 4,000 kwa kimo. Zidisha, unapata milioni 24, na hizo ndizo megapikseli 24 zinazoandikwa kwenye boksi. Sasa tazama upande wa mtazamaji. Simu nyingi za Android zilizopo mikononi mwa watu wetu zina kioo cha pikseli 720 kwa 1,600 au 1,080 kwa 2,400. Kompyuta mpakato nyingi zina 1,920 kwa 1,080, ambazo ni milioni mbili na kidogo. Hata televisheni ya 4K haina zaidi ya 3,840 kwa 2,160, takriban milioni 8.3. Picha ya milioni 24 haiwezi kuenea nzima kwenye kioo chochote kati ya hivyo bila kupunguzwa. Usipoipunguza wewe, kifaa kitaipunguza chenyewe, kwa haraka na kwa njia ambayo hukuichagua.

Hapo hapo imani ya megapikseli inaanza kuyumba. Kioo chenye pikseli milioni mbili na nusu kitaonyesha pikseli milioni mbili na nusu, iwe picha ilipigwa kwa megapikseli 12 au 50. Zile za ziada zina kazi yake: zinakusaidia unapochapisha picha kubwa ya kutundika ukutani, au unapotaka kukata sehemu ndogo ya picha na kuitumia peke yake. Kwenye kioo cha simu, ukiangalia picha nzima, haziongezi kitu.

Sasa tuje kwenye kupunguza kwenyewe. Tuseme picha ya upana wa 6,000 inapelekwa hadi 1,600. Ukifanya hesabu, pikseli 14 hivi za zamani zinapaswa kuacha nafasi kwa pikseli moja mpya. Swali lote la ukali limejificha hapa: hiyo moja ichukue rangi gani?

Mfikirie msukaji wa mikeka. Ana mkeka mpana wenye nakshi, uliosukwa kwa kindu 600, na ameombwa asuke mkeka mdogo wenye nakshi ileile kwa kindu 160 za unene uleule. Hawezi kuunakili kila ukindu. Njia ya mkato ni kuchukua ukindu mmoja katika kila takriban nne na kuziacha nyingine. Kazi inaisha mapema, lakini mstari mwembamba mwekundu uliokuwa kwenye ukindu ulioachwa umepotea, na pembe za nakshi zimekuwa za ngazingazi. Njia ya pili ni kuziangalia kindu nne zilizo jirani, kuchanganya rangi zake, na kuupaka ukindu mpya rangi hiyo ya mchanganyiko. Sasa hakuna kilichopotea kabisa. Hata hivyo, mstari mwekundu uliokuwa juu ya weupe umegeuka wa waridi, na pale ambapo weusi ulikutana na weupe pameingia ukindu wa kijivu.

Programu za picha hufanya hivyo hivyo. Njia ya kuchukua moja na kuacha nyingine huitwa jirani wa karibu. Inafaa kwa michoro ya pikseli kubwa kubwa, na huharibu picha za watu. Njia za wastani ni salama zaidi, lakini ndizo zinazoleta ule ukungu mwepesi. Ukijua kwamba ukali, kwa jicho la binadamu, ni ughafla wa mabadiliko kati ya kiza na mwanga, utaona mara moja kwa nini pikseli ya kijivu iliyoingia katikati inaondoa ukali hata kama hakuna kitu kilichotoweka.

Njia bora zaidi hazikomei kwenye wastani. Huangalia pia majirani walio mbali kidogo, na rangi za hao, badala ya kuongezwa kwenye hesabu, hutolewa kiasi. Kule kutoa ndiko kunakorudisha mpaka kati ya kiza na mwanga. Maarufu ni mbili: baikubiki, ambayo Robert Keys aliifafanua mwaka 1981 na ambayo imo katika karibu kila programu ya kuhariri picha, na Lanczos, iliyopewa jina la mwanahisabati wa Hungaria Cornelius Lanczos. Ukiwekewa orodha ya njia za kupunguzia, chukua mojawapo ya hizi. Lanczos hutoa kingo kali zaidi kidogo. Baikubiki ni tulivu zaidi kwenye ngozi na anga. Tofauti kati yao ni ndogo sana ukilinganisha na tofauti ya kusimamia kazi yako na kutoisimamia.

Kabla ya kukimbilia kunoa, yaani kuzitia kingo nguvu kwa programu, yapo mambo ambayo ukali hauwezi na haupaswi kuyaokoa. Paa la bati, wavu wa dirisha la mbu, suti ya mistari myembamba, kofia iliyotobolewa kwa sindano: vyote vina mistari iliyosongamana. Mstari mmoja mweusi pamoja na nafasi yake nyeupe vinahitaji angalau pikseli mbili ili vionekane. Hiyo ni kanuni inayohusishwa na Harry Nyquist na Claude Shannon, waliochunguza namna ya kupima mawimbi kabla picha za dijitali hazijaenea. Mistari ikisongamana kuliko hapo, kioo hakiwezi kuionyesha, na programu isiyojali huonyesha kitu kingine mahali pake: mawimbi makubwa ya ajabu yanayotambaa juu ya suti, ambayo hayakuwepo kwenye kitambaa. Programu nzuri hulainisha kwanza mistari hiyo isiyoweza kuonyeshwa, ndipo inapunguza. Kwa maana hiyo ulaini kidogo ni wa lazima, na mtu anayetaka kila uzi wa suti uonekane kwenye kioo cha simu anaomba kisichowezekana.

Ukishapunguza, ndipo unanoa. Mpangilio huu una sababu. Ukiinoa picha ikiwa bado na upana wa 6,000, kingo ulizozitia nguvu zina upana wa pikseli moja au mbili. Ukija kuunganisha 14 kuwa moja, kazi yako yote inayeyuka ndani ya wastani. Kunoa hufanywa kwenye ukubwa wa mwisho, na kila ukubwa hunolewa kivyake. Picha moja ikienda kwenye tovuti, kwenye simu na kwenye karatasi, hizo ni noa tatu tofauti.

Kunoa hufanyaje kazi? Programu hutengeneza kwa siri nakala yenye ukungu ya picha yako, kisha inailinganisha na ile yenyewe. Mahali palipo tambarare, kama shavu au anga, nakala hizo mbili zinafanana. Penye ukingo zinatofautiana. Programu huikuza tofauti hiyo: upande wa kiza wa ukingo unazidi kuwa na kiza, upande wa mwanga unazidi kung'aa. Mafundi wa chumba cha giza walikuwa wakifanya hivyo kwa filamu miaka mingi kabla ya kompyuta. Kwenye programu utakutana na vidhibiti vitatu: kiasi cha nguvu, upana wa eneo linaloguswa, na kizingiti kinachozuia programu isiguse tofauti ndogo ndogo kama chenga na vinyweleo. Kwa picha ya kioo, upana ndio wa kuogopa. Weka kati ya pikseli 0.3 na 0.5; programu nyingi huja zikiwa na upana mkubwa kuliko huo, na watu huuacha kama ulivyo. Kiasi kiwe cha wastani, na kizingiti ukipandishe kidogo penye nyuso.

Nasisitiza hili kwa sababu picha zilizonolewa kupita kiasi naziona kila mahali, na kwangu ni mbaya kuliko zenye ukungu. Ukitaka kuzitambua, tazama mahali ambapo kichwa au bega linakutana na anga: utaona ufito mweupe umezunguka. Tazama misuko ya nywele: imekuwa waya. Tazama paji la uso lenye jasho kidogo: limejaa vidoa vyeupe ambavyo mwenyewe hakuwa navyo. Zaidi ya sura mbaya, kuna hasara ya kiufundi. Kingo zilizotiwa nguvu mno ni mzigo mkubwa kwa hatua inayofuata, ya kubana faili.

Faili nyingi za picha tunazotumiana ni za JPEG, mfumo uliowekwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1992. JPEG huigawa picha katika viboksi vya pikseli 8 kwa 8, na ndani ya kila kiboksi hutupa maelezo madogo madogo ambayo jicho huyapata kwa shida. Kadiri unavyoomba faili nyepesi, ndivyo inavyotupa zaidi. Kilichotupwa hakirudi. Ukifungua picha hiyo, ukairekebisha na kuihifadhi tena, inatupa tena juu ya kile kilichobaki, na baada ya mara kadhaa viboksi vyenyewe vinaanza kuonekana kwenye anga na kwenye kuta. Lakini hapa kuna hofu isiyo na msingi ambayo ningependa iishe: kuifungua picha na kuitazama hakuipunguzii chochote, wala kuinakili kutoka simu kwenda flashi. Kinachoathiri ni kuihifadhi upya. Na uzito wa faili si kipimo cha ukali. Picha ya ukuta mweupe ni nyepesi na picha ya msitu ni nzito, hata zikiwa na ubora uleule.

Tukirudi kwenye WhatsApp, lawama zake ni za haki kwa sehemu. Ukituma picha kwa njia ya kawaida, programu hiyo huupunguza upande mrefu hadi takriban pikseli 1,600, kisha inaibana kwa nguvu ili bando la mpokeaji lisiishe. Tangu Agosti 2023 kuna chaguo la HD unapotuma, linalobakiza pikseli nyingi zaidi. Na kwa muda mrefu kumekuwa na njia ya kuituma picha kama hati, ambapo faili hufika kama ilivyo, bila kuguswa. Watu wengi hawaitumii kwa kuwa picha haijitokezi vizuri kwenye mazungumzo, lakini kwa picha inayokwenda kuchapishwa au kutunzwa hiyo ndiyo njia sahihi. Kwa picha za kuangalia tu kwenye kundi, jaribu hivi: ipunguze mwenyewe hadi upande mrefu uwe 1,600, inoe kidogo, ihifadhi, kisha itume. WhatsApp bado itaibana, lakini haitakuwa na sababu kubwa ya kukokotoa upya pikseli zake, na ukali ulioutia utabaki kwa kiasi kikubwa. Kwa Instagram, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikionyesha picha kwa upana wa pikseli 1,080, andaa upana huo.

Binamu wa DPI naye anastahili jibu, kwa sababu imani yake imewashika hata wataalamu. Wengi hufundishwa kwamba picha ya kioo lazima iwe na DPI 72 na ya kuchapisha 300. Hiyo 72 ina asili ya kweli: kioo cha Macintosh ya kwanza, mwaka 1984, kilikuwa na pikseli 72 katika kila inchi. Vioo vya leo haviko hivyo, na DPI iliyoandikwa ndani ya faili ni maelezo kwa mashine ya kuchapisha tu. Inaiambia itandaze pikseli ngapi katika inchi moja ya karatasi. Picha ya upana wa pikseli 1,600 ikichapishwa kwa 300 itakuwa na upana wa sentimita 13 na nusu hivi. Kwenye kioo namba hiyo haisomwi kabisa. Hifadhi picha moja kwa 72 na nyingine kwa 300 bila kubadilisha idadi ya pikseli, ziweke pamoja kwenye simu, hutaona tofauti.

Anayeandaa picha za tovuti ana jambo moja la ziada la kukumbuka. Mwaka 2010 simu ya iPhone 4 ilikuja na pikseli 326 kwa inchi, na tangu hapo simu karibu zote zimefuata. Kwenye vioo hivyo, nafasi ambayo tovuti inaihesabu kuwa na upana wa 600 kwa hakika ina pikseli 1,200 au hata 1,800. Ukiweka picha ya 600 hasa, simu itaitanua, na kutanua huleta ukungu. Weka picha yenye upana maradufu ya nafasi yake; inatosha kwa hali nyingi, na haimlemei mwenye bando dogo.

Mabango na kadi za mwaliko zina matatizo yake ya pekee, na ndizo tunazotumiana zaidi. Maandishi ni kingo tupu, kwa hiyo hakuna kinachoteseka kuliko hayo. Kuna mtego wa rangi pia. Ili kuokoa nafasi, JPEG mara nyingi huhifadhi mwanga kwa ukamilifu wake, ila rangi huzihifadhi kwa nusu ya upana na nusu ya kimo. Maandishi mekundu juu ya kijani au buluu yenye mwanga unaolingana yanategemea rangi peke yake, na ndiyo maana yakifika kwenye simu yanakuwa yameloa na kutapakaa. Maandishi yenye giza juu ya mandhari nyeupe, au meupe juu ya giza, husimama imara. Tengeneza bango tangu mwanzo kwa ukubwa litakaoonekana nao, kwa mfano 1,080 kwa 1,350, usilitengeneze kubwa ukategemea kulipunguza. Nakala yako ya awali iweke kwa PNG, ambayo haitupi chochote. Na namba ya simu ya kuthibitisha mwaliko isiwe ndogo kama herufi za gazeti. Hakuna hesabu itakayoiokoa.

Kwa picha za watu, mtiririko wa kazi ni mfupi. Anza na faili halisi ya kamera, usianze na nakala iliyokwisha kutumwa. Kata fremu unayoitaka. Sawazisha mwanga na rangi, na hakikisha faili inatoka katika mfumo wa rangi wa sRGB, kwa sababu picha iliyo katika mfumo mpana zaidi huweza kuonekana imefifia kwenye programu zisizousoma, na watu huuita ufifiaji huo ukungu. Punguza mara moja tu, moja kwa moja hadi ukubwa wa mwisho. Noa. Ihifadhi kwa JPEG ya ubora wa 85 hivi, kwa jina jipya, ili faili halisi isifunikwe. Kisha iangalie kwa asilimia 100, pikseli moja ya picha kwa pikseli moja ya kioo. Ukiiangalia ikiwa imebanwa kutoshea dirisha, unachokiona ni kazi ya kompyuta, si yako. Yote haya yanafanyika kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha ambayo ni ya bure, na hatua za kukata na kupunguza zinawezekana hata kwenye programu za simu.

Utagundua jambo la kufurahisha njiani: picha yenye chenga za usiku, au iliyotikiswa kidogo mkono ulipotetereka, mara nyingi huonekana nzuri zaidi ikishapunguzwa. Wastani uleule unaolainisha kingo huzifuta chenga pia, na mtikisiko wa pikseli tatu kwenye picha ya 6,000 ni chini ya pikseli moja kwenye ya 1,600.

Kurudi nyuma hakuwezekani hivyo. Mtu anaona picha ya marehemu babu kwenye status ya ndugu, anapiga picha ya kioo cha simu yake (skrinishoti), kisha anaipeleka studio ikatengenezwe ya kuweka kwenye fremu. Kama kioo chake kina upana wa pikseli 720, basi picha aliyoipata haiwezi kuzidi hapo, hata kama ya asili ilikuwa na milioni 12. Fundi akiikuza, programu ya kawaida itajaza nafasi kwa wastani, na uso utakuwa laini. Programu za akili mnemba zitajaza kwa kubuni: zitachora kope na mikunjo inayofanana na ya nyuso nyingine ambazo programu hizo zilifundishwa kwazo, na matokeo yatakuwa makali, ila huenda yasiwe ya babu. Kwa mandhari ya bahari sioni ubaya. Kwa uso wa mtu ambaye familia inataka kumkumbuka, mpigie simu huyo ndugu kwanza, mwombe aitafute picha yenyewe kwenye simu yake, na mwelekeze aitume kama hati.